Utazoea, Wanasema

Wageni wakifika Kyela huulizia mchele na kakao. Hakuna anayeulizia mwanga, na mwanga tunao wa kumwaga. Mvua ikikatika jua linapiga ziwa, linapiga migomba iliyolowa, linapiga bati jipya la jirani, na vyote hivyo vinanirudishia mimi. Nina kipandauso. Kwa mwenye kichwa cha kawaida hiyo ni hali ya hewa. Kwangu ni ugomvi.

Panda bodaboda asubuhi kutoka Ipinda kwenda Matema, jua likiwa ubavuni. Michikichi imejipanga kando ya barabara: kivuli, jua, kivuli, jua. Nikifumba macho, linapenya kwenye kope. Nikimwomba dereva apunguze mwendo, anacheka: "Utazoea tu, mzee." Mke wangu naye kuhusu bati la jirani: "Baba Tumaini, utazoea." Nikivaa miwani myeusi, wananiuliza harusi ni ya nani.

Sasa, kuzoea ndiko kunakonishinda. Mwaka 1995 Jean Schoenen na wenzake wa Liège, Ubelgiji, walichapisha utafiti wa watu waliokalishwa mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe, drafti kabisa, nyeusi ikigeuka nyeupe na nyeupe nyeusi bila kupumzika, huku waya zilizobandikwa kisogoni zikipima ubongo unavyoitika. Ubongo wa kawaida huitika kwa nguvu mwanzoni, kisha huchoka na kupuuza. Wa mwenye kipandauso, hata siku ambayo kichwa hakiumi, ulikuwa haupunguzi, ulizidi kuongeza. Vituko zaidi: uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba shambulio likikaribia, ubongo huohuo huanza kuitika kama wa watu wengine. Yaani siku unayoshika adabu ndiyo siku unayonilaza kitandani.

Haki itendeke: watafiti wa Norwei walirudia jaribio hilo bila mpimaji kujua nani mgonjwa nani mzima, na mwaka 2013 wakaandika kwamba tofauti hiyo hawakuiona. Sawa. Waje tupande wote bodaboda ya Matema.

Halafu kuna sinema ya bure. Baadhi yetu, kabla kichwa hakijaanza, huona mstari wa mwanga wenye meno ya msumeno ukitambaa machoni na kufuta kila unachopita. Karl Lashley, Mmarekani, aliuchora wa kwake, na mwaka 1941 akapiga hesabu kwamba kinachosababisha mambo hayo husafiri ubongoni kwa milimita 3 hivi kwa dakika. Konokono angekipita huku anasalimia watu. Pale Matema, shemeji yangu alininyooshea kidole ziwani, kwenye wingu la wale wadudu wadogo wanaoibuka majini kwa mamilioni. "Unaliona, shemeji?" Nikamwambia naona mawili. Akacheka sana. La pili lilikuwa langu peke yangu, na nusu saa baadaye nilikuwa nimelala chumbani kwake, kanga dirishani, ndoo kando.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa kipandauso uliofanywa nyumba kwa nyumba vijijini kusini mwa Tanzania, na William Matuja wa Muhimbili alikuwa mmoja wa waandishi wake. Wanawake, kama kwingineko duniani, walikuwa wengi kuliko wanaume. Kwa hiyo nahesabu kwamba hata humo kwenye kwaya yetu wamo wenzangu, wanaimba sauti ya kwanza huku wamekunja uso.

Kwaya hiyo ndiyo iliyoshona sare mpya: mistari myembamba, nyeusi kwa nyeupe, iliyobanana kifuani hadi miguuni, watu wote wanayumba pamoja. Ni katika michoro inayochokoza ubongo wangu kuliko yote. Mwenyekiti, nakuomba kwa heshima: safari ijayo chukueni kitambaa cha rangi moja. Mkichagua kijani nitachangia, maana mwaka 2016 watafiti wa Boston waliripoti kwamba mwanga wa kijani ndio unaowaumiza wenye kipandauso kidogo kuliko wa rangi nyingine.