Protini Imekataa Kuganda

Mtu aliyeanza mazoezi juzi humtambui kwa misuli, maana hana. Unamtambua kwa hesabu. Akiona yai anakwambia gramu 6. Akitengewa wali na maharage anauliza bakuli hilo lina ngapi, na mkewe akinyamaza anadhani amezidiwa elimu. Mimi nilifikia hatua hiyo mapema, kwenye jimu moja ya Sinza yenye vioo vingi kuliko vyuma. Mwalimu wetu, kijana ambaye shingo yake inaanzia masikioni, alinipa somo moja tu: "Kaka, usipokula protini ndani ya nusu saa, hayo mazoezi umemfanyia jirani."

Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwili hauna haraka hiyo. Kikubwa ni ulichokula kutwa nzima. Lakini siku ile nilitoka na jasho langu hadi supamaketi, nikakuta rafu nzima ya vipande vya protini katika karatasi za kung'aa, jirani na biskuti za wagonjwa wa kisukari. Kwa bei ya kimoja ningepata mayai nusu trei. Piga hesabu: mayai 15 kwa gramu 6 ni 90, na kile kipande kiliandikwa 20. Nikalipa. Yai halina picha ya mtu mwenye kifua.

Ladha? Chokoleti na chaki. Nisingelalamika, ila nyuma ya karatasi, kwa herufi za kusomea miwani, kulikuwa na kitu kinaitwa maltitol. Ni utamu unaotiwa badala ya sukari. Utumbo mdogo hauumalizi, unaobaki unashuka utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaufanyia karamu yenye gesi. Sitaeleza yaliyotokea jioni ile ndani ya mwendokasi, kati ya Magomeni na Manzese, tumebanana hata pa kuinua mkono hapana. Niseme tu kwamba waliokaa dirishani walifungua vioo, na mama mmoja akamfinya mtoto wake ambaye hakuwa na kosa lolote. Mtoto yule, popote alipo, ananidai.

Ndipo nikaamua kutengeneza vya kwangu. Mbona hata hivyo vya dukani vina asili ya jikoni? Brian Maxwell, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, aliishiwa nguvu katikati ya mbio mwaka 1983, akaanza kuchanganya mambo yake jikoni huko California, na mwaka 1986 PowerBar ikaingia sokoni. Vyake vilikuwa vya kumpa mkimbiaji nguvu zaidi kuliko protini, lakini ukoo ni huohuo. Mwaka 2000 Nestlé ikainunua kampuni. Sasa kama jiko la California limeweza, la Sinza lina kasoro gani?

Maelekezo yalikuwa mepesi: siagi ya karanga, tende zilizotolewa kokwa, oti, unga wa protini ya maziwa, na mafuta ya nazi ya kushikisha. Changanya, shindilia kwenye trei, acha mezani vigande. Hakuna kupika. Hapo nikatia akili ya kwetu: chakula gani hicho kisichoona moto? Nikainjika sufuria. Kumbe protini ile ikikutana na moto inafanya kama ute wa yai, inajikunja na kushikana. Yakatoka mabonge yanayonuka maziwa yaliyoungua, na mwiko ukasimama wima bila kushikwa na mtu. Nilipouvuta, sufuria ilikuja nao.

Awamu iliyofuata nikafuata maandishi neno kwa neno, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwandishi anaishi kwenye baridi. Mafuta ya nazi yanataka chini ya nyuzi 24 hivi ndiyo yagande, na Dar es Salaam ya mwezi wa pili, hata saa tisa usiku, ni bahati kuziona nyuzi hizo. Kulipokucha meza ilikuwa na ziwa la kahawia, sisimizi wameshajipanga ufukweni.

Nikachota, nikatia friji. Friji nayo haina kiasi. Baridi iligandisha mafuta, unga ukanyonya unyevu wote wa tende, na kesho yake nilikuwa na matofali. Viwandani wanatia gliserini kuvilainisha. Mimi nilitia imani. Shemeji yangu mwenye bodaboda alijaribu kuuma pembe ya kimoja, akakigeuzageuza mkononi. "Shem, hiki ni cha kula au cha kuwekea stendi ya pikipiki?" Kabla sijajibu, luku ikaisha. Jioni ziwa lilikuwa limerudi, safari hii juu ya vibua.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Alikuwa ameyaona yote na hakusema kitu, kama ilivyo kawaida ya watu wazima wanaosubiri zamu yao. Akachovya kidole, akaonja.

"Baba Zuhura, kashata hii imeharibikia wapi?"

"Mama, hii siyo kashata. Hii haina sukari."

"Sasa ishikwe na nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Vitabu na hesabu zangu zote za gramu havikuwa na jibu la swali lile. Akaomba karanga. Akazikaanga, akazimenya kwa kuzisugua viganjani na kupuliza maganda, akayeyusha sukari mpaka ikawa na rangi ya asali, akatia iliki, akamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukata ingali ya moto. Haikuhitaji friji. Sukari iliyopikwa hivyo inaganda katika joto lolote la pwani, ndiyo maana muuza kahawa anatembea nayo juani kutwa na haimmiminikii. Alipomaliza kukata alinipa kipande kimoja, akampa shemeji vitatu.

Mwalimu wa jimu amesikitika, anasema sukari ile itanirudisha nyuma. Huenda. Lakini karanga zikiwa tupu, za kukaanga, gramu 100 zina protini ya gramu 25 hivi, na dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, hana maltitol wala picha ya kifua. Ukiwa Lushoto au Makete, jaribu yale maelekezo. Huko mafuta ya nazi yanaganda yenyewe kwenye chupa. Ukiwa Dar, nunua karanga.