Hotuba Juu ya Ilimu ya Kumhoji Mwandishi

Enyi hadhirina watukufu, wahariri, washairi, na ninyi wengine msioandika kitu ila mna nia njema: nimeombwa, nami sikungoja kuombwa mara ya pili, niwafunze ilimu ya kuwahoji waandishi kwa ajili ya majarida ya fasihi, ilimu ambayo mimi ni bahari yake, ilhali wenzangu wangali ufuoni wakiokota makombe.

Mwaka 1953 lilipotoka toleo la kwanza la jarida la The Paris Review, ndani yake alihojiwa mzee E. M. Forster, Mwingereza ambaye tangu 1924 hakuwa ametoa riwaya mpya. Wasiojua husema alichaguliwa kwa taadhima yake. Mimi nasema ni kwa kuwa mtu asiye na riwaya mezani hana haraka, na mhoji hupata wasaa wa kusema. Lakini jarida hilo likazoea kumrudishia mwandishi majibu yake ayasahihishe kabla ya kupigwa chapa. Hatari iliyoje! Akipewa ruhusa ya kusahihisha majibu, kesho atataka kufuta maswali.

Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958, mwandishi Ernest Hemingway alimwambia George Plimpton, mhariri wa jarida hilohilo, kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake moja aliuandika upya mara 39, na Plimpton, maskini, akauliza tu kilichomtatiza, kisha akanyamaza asikilize. Lau ningalikuwa mimi, ningalimsomea kwanza ukurasa wa mwisho wa riwaya yangu, niliouandika mara moja tu, na ambao hadi leo wachapishaji wanauogopa. Ama mwandishi Vladimir Nabokov, yeye alishurutisha aletewe maswali kwa maandishi, naye ayajibu kwa maandishi: dhuluma tupu, maana mhoji atavutia wapi pumzi zake za hekima?

Basi shikeni kanuni zangu. Kitabu cha mwenzio usikisome kabla ya kumhoji, usije ukakipenda, nawe huna pa kuificha husuda. Swali la kwanza lianze na nasaba yako, lipite katika diwani zako zote, zilizochapwa na zisizochapwa, likomee pale mwenyeji wako anapotazama saa. Naye akikuuliza kwa upole, “Swali lenyewe ni lipi, ndugu yangu?”, fahamu kuwa umefuzu. Picha ya jaladani iwe yako. Yake itoshe ndani, karibu na tangazo la sabuni.

Sasa ulizeni, tena kwa ufupi, maana majibu nimekwisha kuyaandika tangu jana.