Jezi Iliyochuja

Kanzu ya baba ilikuwa nyeupe mpaka Januari 2016. Mama anasema sasa ni waridi, dada yangu anasema ni pinki, na baba mwenyewe akiulizwa anajibu kwamba ni nyeupe ya Coastal.

Mwenye kosa ni mimi. Tarehe 30 ya mwezi ule nilipanda basi kutoka Dar kwenda Tanga, nikaingia Mkwakwani, nikaiona Coastal Union ikiifunga Yanga 2-0. Yanga ile ile iliyokuja kuutwaa ubingwa msimu huo. Nilitoka uwanjani nikiwa na akili za mlevi ingawa sikuwa nimeonja kitu. Nje ya geti kijana mmoja anauza jezi nyekundu, nikanunua kwa bei aliyoitaja yeye. Mtu aliyetoka kuifunga Yanga ataombaje kupunguziwa? Usiku nikaitumbukiza kwenye beseni ili asubuhi niivae safi. Giza lilikuwa totoro, umeme umekatika, na kwenye beseni lile mama alikuwa ameloweka kanzu ya Ijumaa.

Jezi ilichuja. Ilichuja kama iliyokuwa ikisubiri kuonja maji tu.

Siku nyingine yoyote ningelala nje. Lakini baba aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akauliza: "Bao la pili umeliona vizuri?" Nikamsimulia. Akaniambia nirudie. Ijumaa akaivaa kanzu ile ile kwenda msikitini, na kila aliyemtolea macho alisimuliwa bao la pili.

Nyumbani kwetu lazima uelewe kwamba 1988, mwaka ambao Coastal ilichukua ubingwa wa Bara, haujapita. Baba bado anaishi humo, sisi wengine tunamtembelea. Mjomba, kaka yake mama, ni African Sports damu. Coastal ni Barabara ya 11, Sports ni Barabara ya 12, na katikati yake ndipo ndoa ya wazazi wangu ilipojengwa. Mahari ilitajwa kwa dakika kumi, utani umeendelea hadi leo. Kila jioni shemeji hawa wawili hukutana kwenye baraza ya kahawa, wakanywa kahawa chungu, wakatafuna kashata, wakatafunana na wao. Sports ilipopanda Ligi Kuu 2015 baada ya kusota madaraja ya chini, mjomba alikuja barazani amechomekea shati. Hajawahi kuchomekea hata harusini kwake.

Sasa turudi kwenye jezi, maana ningekuwa na akili ningeisoma kama dalili. Timu nayo ilianza kuchuja. Coastal ya msimu ule ilikuwa kama mwanafunzi anayepata lile swali gumu la mwisho la hesabu, kisha anakosa pale palipoandikwa "Jina la mtahiniwa". Yanga tukaifunga. Aprili tukaenda Dar, tukaitoa Simba kwenye Kombe la FA, 2-1, na kesho yake niliingia ofisini natembea kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Ila ikija timu ambayo hata jina lake unalitaja kwa kusitasita, pointi tunampa mgeni, na maji ya kunywa juu yake.

Nusu fainali tukapangiwa Yanga hapo hapo Mkwakwani. Dakika za nyongeza, Yanga wako mbele 2-1, mawe yakaanza kuruka kutoka jukwaani na mchezo ukavunjika. Aibu yake sitaki kuieleza. Mjomba alisema neno moja tu: "Kumbe washambuliaji mnao, mmewakalisha jukwaani."

Mwezi uliofuata ligi ikaisha. Timu 16, zinashuka tatu. Coastal Union, Tanga. African Sports, Tanga. Ya tatu ni Mgambo, timu ya JKT, nayo ya Tanga. Mkoa uliozoea kupeleka katani na machungwa nje, mwaka huo ulipeleka na timu, zote, daraja la kwanza. Wenyewe tulikuwa tunajisifia mji wetu kwa ule usemi wa waja leo waondoka leo. Tulidhani unawahusu wageni. Sports ilikuja msimu ule, ikaondoka msimu ule.

Nilikwenda Tanga wikiendi ile kama mtu anayekwenda matangani. Jioni nikamsindikiza baba barazani, nimejiandaa kumkinga. Mjomba alikuwa ameshafika. Miezi yote ile alikuwa akiyaweka akiba maneno ya siku Coastal itakayoshuka, nadhani mengine aliyaandika. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaagiza kahawa. Baba naye akashika kikombe akakitazama ndani. Hata kusema "jeshi litatuokoa" haikuwezekana, jeshi lenyewe limeshuka nasi. Muuza kahawa, ambaye kawaida huongeza kuni kwenye kila ugomvi, aliishia kuhesabu kashata zake mara mbili. Sikuwahi kusikia baiskeli za Tanga zikipita kwa sauti namna ile.

Nikajifariji kwamba Dar angalau watanicheka. Nilikuwa na majibu tayari: mbili bila, mbili moja, wewe bingwa gani unafungwa na timu ya kushuka? Jumatatu nikaingia ofisini kifua mbele. Yule wa Yanga akainuka, akanipa mkono, akasema, "Pole sana, mgosi." Yule wa Simba, ambaye tulimtoa kombe na alikuwa hajanisalimia kwa mwezi mzima, akaniletea chai. Chai! Na chapati juu yake. Niliinywa, lakini nakwambia sijawahi kutukanwa vile.

Baba na mjomba walikaa hivyo misimu miwili, wakiongelea bei ya nazi na maumivu ya magoti. Mama alinipigia simu kulalamika: "Hawa siku hizi wanaheshimiana, sijui wanaumwa nini."

Coastal ilirudi Ligi Kuu 2018. Julai 2022 ikafika fainali ya Kombe la FA kule Arusha, na Yanga tena. Nilitafuta ile jezi nikakuta imebaki rangi ya maji ya mchele. Nikampigia baba, akasema nisihangaike, wekundu wote anao yeye. Akaivaa kanzu, akaketi mbele ya runinga. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu peke yake siku ile. Matatu! Ikawa 3-3, ikaja mikwaju ya penalti, na Coastal ikashindwa.

Saa tano usiku simu ikaita. Nikaona ni baba, moyo ukanidunda, nikajua presha imepanda.

"Unajua mjomba wako amesemaje?" Alikuwa anacheka hata maneno hayatoki. "Amekuja hapa mlangoni, usiku huu, na baiskeli. Ati shemeji, nipe hiyo kanzu nikaifue, labda na penalti zitatakata."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia apaze sauti, kutoka huko daraja alilopo haifiki huku."

Akacheka tena, akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga kunisimulia upya.