Kodi za Figo

Mzee wa Kalembe, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale, akivimba miguu, ndugu husema ni chumvi. Jirani husema karogwa. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuainisha magonjwa, toleo la 10, hakibishani na mtu: andika N18, ugonjwa sugu wa figo, kisha taja hatua, kuanzia N18.1 hadi N18.5. Namba hizo makarani wa afya huziita kodi.

Kuijua hatua ni kazi ndogo: pima kreatinini ya damu, piga hesabu, rudia baada ya miezi 3. Masharti ni mawili tu: maabara iwepo, na mgonjwa naye awepo. Oktoba 2024 waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo walipigania Kalembe. Siku kama hizo wenye miguu hukimbia, fishi za wagonjwa hubaki.

Tusikitukane kitabu, kimefikiria yote. Vita vina kodi yake, Y36. Kukosa hospitali nako kuna kodi, Z75.3. Basi mzee wetu ana kodi 3, na kipimo hata kimoja hana. Wala hashangai: kwenye barieri za barabarani alishazoea kodi zisizo na huduma.