Bosi Anatafuta

Tuna bosi mmoja hapa mpakani. Akitaka ghala la kukodi, huandika "Busia" basi, kisha anailaani intaneti ikimletea matokeo ya Kenya na ya Uganda yamechanganyika kama githeri. Mtu wa boda boda angemuuliza, "Upande gani, mzee?" Kompyuta haina adabu hizo. Ukimshauri aongeze "Uganda", au atangulize kistari mbele ya Kenya, bila nafasi, ili ya huko yaondolewe, anakuuliza nani bosi. Majuzi alitaka saruji. Kwenye kile kisanduku kidogo cha kutafutia akaandika: "Habari za asubuhi, naomba kujulishwa bei ya saruji ya Tororo, asante." Saruji, Tororo, bei: hayo yangetosha, lakini yeye alilipiwa karo kubwa.