Kiazi Ndani ya Kikombe

Katika mambo yote ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hulazimishwa kujifunza, hapana lililo gumu kuliko kusema kidogo. Kwani mtu aliyeketi miaka na miaka akimchungulia mdudu mmoja huona kuwa kuuacha hata mguu wa mdudu huyo bila kuutaja ni hiana kwa elimu. Wangu mimi ni kimatira, hasimu wa mibuni, ambaye hulitoboa tunda lingali bichi, na kwa tundu hilo vikapenya vijidudu vinavyohusishwa na ile ladha ya kiazi kibichi inayozifedhehesha kahawa za Burundi na Rwanda mbele ya waonjaji wa ng'ambo. Punje moja yenye ila hiyo hukiharibu kikombe kizima, wala jicho haliitambui.

Gitega, makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, ni mji wa itifaki. Huko nilipewa robo saa kuueleza utafiti wangu mbele ya kadamnasi ya maprofesa. Lakini mwendesha kikao, bwana mwenye taadhima na tai pana, aliwasalimu wageni wa heshima mmoja baada ya mwingine kwa vyeo vyao vyote, kisha akaniomba radhi kwamba wakati umekwenda, akanisihi niseme kwa dakika tano. Slaidi zangu zilijaa majedwali ya Kifaransa ambayo msimamizi wangu aliapa yasipunguzwe hata safu moja, basi nikazipitisha kwa mwendo wa wale vijana wa baiskeli wanaoteremka Bugarama na mikungu ya ndizi. Profesa mmoja akauliza mbona sikueleza mbinu za takwimu. Nilizieleza, katika slaidi iliyopita wakati yeye akipiga chafya.

Baadaye nikapelekwa Muyinga, kwa njia ya Karuzi, kuwaeleza wakulima mambo yaleyale kwa Kiswahili na Kirundi. Projekta ikawaka, ikaonyesha jina langu na nembo za wafadhili, umeme ukakatika. Nikabaki na chupa ya vimatira hai, niliyokuja nayo kwa pambo tu. Ikapita mkono kwa mkono, hata mmoja akafungua kizibo apate kuona vyema, na kimatira mmoja, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, akatambaa juu ya koti la mgeni rasmi, naye alipompangusa, mdudu akautoa ule uvundo ambao slaidi zangu ziliuita "dutu tete za kujihami". Tangu hapo hapana aliyesinzia.

Bibi mmoja akasimama. "Mwanangu, kahawa sisi hatuinywi, twaiuza. Lakini hebu niambie, kiazi kina ubaya gani?"

Ukumbi mzima ukamuunga mkono, na haki ilikuwa yao, kwani hakuna jedwali langu hata moja lililojibu swali hilo. Nikasema kuwa mnunuzi aliyelipia kahawa akapata kiazi hushusha bei ya shehena nzima. Wakaelewa kabla sijamaliza, wakataka dawa. Nami nikawaambia wapogoe mibuni, maana kimatira hupenda majani yaliyosongamana, na wayatie matunda majini, yanayoelea wayatenge. Hayo, kwa hakika, ndiyo yote niliyokuwa nayo tangu Gitega.

Sasa slaidi zangu ni chache mno. Ile ya shukrani peke yake ndiyo sikuthubutu kuigusa, kwa kuwa ina jina la msimamizi wangu.