Ombi la Kibali cha Kuwa Mtalii Kerugoya

Kwa waheshimiwa mnaosimamia utalii, kuanzia wizarani Nairobi hadi ofisi za Kaunti ya Kirinyaga,

KUH: KIBALI CHA UTALII WA SIKU MOJA KWA WENYEJI

Pokeeni pongezi kwa kutuhimiza, mwaka nenda mwaka rudi, tuitembee nchi yetu. Wito tumeusikia. Kinachotukwamisha ni kwamba vitabu vyenu havitutambui. Kwa ufafanuzi wa Umoja wa Mataifa, mtalii ni aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida akalala huko walau usiku mmoja; asiyelala ni mgeni wa siku tu. Mkazi wa Kerugoya anayepanda matatu asubuhi kupitia Kutus hadi Wang'uru, akatazama mpunga na kurudi kabla ya magharibi, hata huo ugeni wa siku ni shida kuupata, maana ametazama mambo ya kwao. Hapo ndipo naona haja ya karatasi yenye mhuri.

Ufafanuzi huo, hata hivyo, ni wa makaratasi. Huku chini ya Mlima Kenya kigezo kinachofanya kazi ni kingine. Jirani zetu wa Nyeri wana kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki 1941, na maskauti hutoka mbali kuja kulizuru. Wana pia Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, ambako Elizabeth wa Uingereza alilala Februari 1952 akiwa binti mfalme. Baba yake akafa, naye akarudi kwao malkia. Kisa cha usiku huo mmoja kimesimuliwa kwa wageni miaka na miaka. Hatuna kinyongo na riziki ya jirani. Lakini ukiviweka pamoja, kanuni inajitokeza yenyewe: mahali huwa kivutio pale mgeni alipolala, hata kama ni usingizi wa mwisho. Sasa tazameni Mwea, huko huko Wang'uru. Mifereji ya mpunga ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa mikono ya mahabusu wa Mau Mau. Hao nao walilala Mwea, kambini, si usiku mmoja. Inaonekana hawakufikia kiwango.

Mtasema kilimo ni kazi, utalii ni starehe. Basi mwambieni Mfaransa, ambaye hutoza watu kiingilio wakaone mapipa ya mvinyo. Au mwambieni mnunuzi wa kahawa anayevuka bahari kuja kwenye viwanda vya ushirika vya Kirinyaga, akapigwa picha kando ya matangi, kisha akaandika jina la kiwanda kwenye pakiti itakayouzwa ng'ambo kwa bei ya kutisha. Anachokiona si siri. Wakulima humwaga matunda juu ya turubai na kuyachambua kwa mkono, mabichi kando, yaliyokauka kando. Mashine hutoa ganda, mbegu huachwa tangini zichachuke, kisha huoshwa mferejini zikisukumwa kwa ubao, na mwisho huanikwa kwenye meza za wavu na kugeuzwageuzwa siku nyingi. Kwa mgeni hayo ni maajabu. Kwa aliyezaliwa pale ni foleni ya kupima kilo, na jioni anarudi nyumbani kunywa chai.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mwenyeji ameshayaona yote. Kuona ameona, kuuliza ndiko hajaruhusiwa. Mtalii ana leseni ya kuuliza maswali ya kijinga na kujibiwa kwa tabasamu. Mwenyeji akisimama ukingoni mwa mfereji kule Mwea, akataka kujua maji ya mto Thiba hugawanywa vipi, Bwawa la Thiba lililozinduliwa 2022 limebadili nini, au wale vijana wanaofukuza kweleakwelea kwa kelele na kombeo hulipwa na nani, ataulizwa katumwa na nani, au anagombea kiti gani. Kwa hiyo kibali ninachoomba hakihusu kuingia popote. Ni cha kushangaa hadharani bila kushukiwa.

Kuhusu pesa, kwamba mwenyeji hana: ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Machi 2020 hadi Agosti, hoteli nyingi zilimgundua Mkenya ghafla, zikamshushia bei na kumwita mteja wa thamani. Alikuwa yule yule. Nauli yake, sahani yake ya wali na mfuko wa mchele wa pishori anaobeba kurudi nao huishia mifukoni mwa watu wa Kutus na Wang'uru, jambo ambalo tiketi ya ndege haiwezi kujisifia.

Na mlima wenyewe, mita 5,199, tunaouona kila alfajiri mawingu yakitaka? Njia tatu zinazotumiwa zaidi na wapandaji, yaani Naro Moru, Sirimon na Chogoria, zote huanzia kaunti nyingine. Mwaka 1943 Felice Benuzzi, mateka wa vita kutoka Italia, alitoroka kambi ya Nanyuki pamoja na wenzake wawili ili tu waupande. Wawili wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini wenyewe kupokea adhabu. Mateka alipata udhuru wa kuutazama mlima huu kama mtalii. Mlipa kodi wa Kerugoya bado anatafuta wake.

Naomba basi, kati ya Oktoba na Desemba kahawa inapochumwa kwa wingi, viwanda vya ushirika vifungue milango siku moja kwa wiki, na mzee mmoja wa Mwea alipwe, kama anavyolipwa mwongoza watalii, asimulie mifereji ile ilichimbwaje. Fomu ikiwa tayari, kwenye "nchi utokayo" mtuachie mstari mfupi, na kwenye "sababu ya safari" mtuachie mrefu. Ada tutalipa, kwa shilingi, na risiti tutaomba.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Kerugoya, mwombaji